Nyundo ya Kildorran

Ssali alikuja kwenye karakana yangu ya Deira Jumanne mchana, saa ambayo wateja huwa wamekwenda kula. Alivua kofia mlangoni kama mtu anayeingia msibani, akatazama meza, akatazama visu vyangu vilivyopangwa kwa ukubwa, kisha akanitazama mimi. “Kumbe ni wewe,” akasema. Nikamjibu kwamba ni mimi. Alikuwa ameambiwa na watu kwamba kuna Mkenya mwenye karakana ndogo ya modeli za majengo anayetafuta fundi, hakuambiwa jina. Ningeweza kumwambia nafasi imejaa. Badala yake nilimwambia arudi Jumamosi, na alipoteremka ngazi nilikaa chini kukata madirisha ya modeli, nikaharibu moja baada ya jingine. Nimeifuta na kuiandika upya aya hii mara nyingi nikitafuta namna ya kujionyesha mpole. Sikuipata. Ukweli ni kwamba nilitaka arudi, na nilitaka siku chache za kufikiria nitamfanya nini.

Mwaka niliomjua mtu huyu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sikuwa na cheti cha chochote. Nilikuja Dubai kuwa mlinzi. Walinisimamisha katika ukumbi wa mauzo wa kampuni ya nyumba, kando ya modeli kubwa ya mtaa ambao ulikuwa haujajengwa, na kwa kuwa kulinda ni kutazama, niliitazama modeli ile mpaka nikajua ni madirisha yapi yamepinda na ni mti upi umebandikwa juu ya mwingine kuficha gundi. Chumbani nilianza kukata maboksi ya viatu kwa wembe. Nilijifunza kwa video za simu, kwa vidole vilivyofungwa plasta, na kwa hasira, maana kitu kilichopinda kwa unene wa unywele kilininyima usingizi na bado kinaninyima. Nilipopata kazi katika karakana moja ya modeli huko Dubai Investments Park, nilidhani nimefika mahali ambapo ugonjwa wangu ungeitwa ujuzi.

Lilikuwa bohari lisilo na dirisha hata moja, kitu cha ajabu kwa watu wanaotengeneza madirisha mchana kutwa. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Kulikuwa na harufu ya gundi na ya plastiki iliyounguzwa na mashine ya leza, na katikati palikuwa na meza pana kuliko chumba nilicholala na wenzangu kwenye kambi ya nyuma. Juu ya meza ile, mwaka mzima, tulijenga Kildorran, mji mdogo wa Scotland. Hoteli moja ya Al Garhoud ilikuwa imeuagiza, kwa kuwa mmoja wa wenye hoteli alitoka katika ukoo uliotawala mji huo vizazi na vizazi, naye alitaka mji wa babu zake ukae ukumbini chini ya kioo. Mkuu wa ukoo ule alikuwa na cheo kirefu cha kurithi. Bi Salma, aliyekuwa akitengeneza miti na majani, alisikiliza cheo chote hadi mwisho akasema, “Basi si arbab tu huyo,” neno la huku Ghuba la bosi mwenye mali na watu, na tangu siku ile sote tukamwita arbab, aliyekuwa hai na waliokufa.

Ssali alikuwa msimamizi wetu. Alikuwa Mganda mrefu mwenye macho makali ajabu, ambaye Kiswahili chake, kwa maneno yake mwenyewe, alikipata kambini jeshini. Karakana yake ilikuwa na desturi moja. Kila Alhamisi alikagua kazi ya wiki kwa kioo cha kukuzia, na penye kosa kazi ile iliwekwa juu ya gogo karibu na mlango, nyundo ikateremshwa kutoka kwenye msumari wake, na aliyeitengeneza ndiye aliyeivunja, mbele ya wenzake. “Kosa lisipovunjwa linazaa,” alikuwa akisema. Aliyesitasita alipigwa rula ya chuma kwenye vifundo vya vidole. Mara yangu ya kwanza ilikuwa mnara wa kanisa. Ulikuwa umeegemea kidogo sana, lakini alikuwa sahihi, ulikuwa umeegemea. Niliuvunja. Na hapa nakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nilijisikia vizuri. Kifua kilifunguka. Mtu mwingine hatimaye alikuwa amekubaliana na ile sauti inayonipigia kelele kichwani tangu nikiwa mdogo. Kwa miezi kadhaa nilimpenda Ssali kama mgonjwa anavyompenda daktari mkali, hata pale aliponichapa.

Historia ya mji tuliletewa na Madam Elspeth, mama wa Kiskoti mwenye mvi na shingo iliyoungua jua, ambaye hoteli ilimpa kazi ya kuhakikisha hatukosei. Kila Jumatatu alikuja na chupa yake ya chai, akazunguka meza, akaweka kidole juu ya jengo na kueleza lililotokea hapo. Mimi ndiye niliyemfuata, na wakati wa chakula niliwasimulia wenzangu kwa Kiswahili. Tulikaa juu ya marobota ya sponji, na wali na dengu za kambi kwenye sahani za chuma, na Bi Salma akafungua hotipoti yake ya samaki wa kupaka aliyepikwa nyumbani kwao Deira, akatugawia bila kuombwa. Ukoo wake ulitoka Unguja zamani, yeye alizaliwa hapa, lakini alisema kama aliyeshuka Malindi ya Unguja jana. Kando yangu alikaa Baraka, kijana wa Kitale, fundi wa nyumba ndogondogo, mtu ambaye hakuweza kula bila kumtania mtu.

“Haya, msimulizi, leo walimuua nani?” akauliza siku moja.

“Leo ni ule msalaba wa sokoni. Hapo walinyongewa wezi wa ng’ombe. Ng’ombe walikuwa wa arbab, lakini arbab mwenyewe alikuwa amewanyang’anya majirani.”

“Yaani walinyongwa kwa kuiba vya wizi!” Baraka akapiga paja. “Hao ni watu wa kwetu kabisa, wamepakwa chokaa tu.”

“Astaghfirullah,” akasema Bi Salma. “Mji mzima huu hauna pahala pasipomwagwa damu? Hata kanisani?”

“Kanisani kuna kola ya chuma ukutani, Bi Salma. Asiyekuja ibada alifungwa shingo pale mlangoni, watu wakitoka wanamtemea mate.”

Ssali, aliyekula peke yake akiwa amesimama, akacheka kutoka nyuma. “Hiyo kola mnitengenezee moja, ya kipimo cha Baraka.” Sote tulicheka, Baraka akiwa wa kwanza. Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Lile jengo la mahakama lenye saa nzuri, chini yake palikuwa shimo la wafungwa, na kichwa cha mtu kilitundikwa juu ya lango lake mpaka ndege wakakimaliza. Lile daraja la mawe, watu wa ukoo jirani walipokuja kuchoma mji walikatiwa juu yake mpaka mto ukabadilika rangi. Nilijenga daraja lile, nikajenga saa ile, na jioni kambini nilisikia wanaume wakipigana kwenye foleni ya jiko, mtu akigongwa kichwa kwenye sinki, na sikuona tofauti kubwa. Kisha nilipewa kasri lenyewe, kasri la arbab, minara yake minne na madirisha yake membamba. Lilinichukua karibu nusu ya mwaka. Nasema bila aibu kwamba ndicho kitu bora nilichowahi kutengeneza, na kila Alhamisi nyundo ilibaki kwenye msumari.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianza na mchoro wa zamani ambao Madam alituachia ili tuone umbo la kasri. Kwenye mchoro ule, chini kabisa ya ukuta, palikuwa na vibanda vingi vimebanana. Picha mpya hazikuvionyesha, zilionyesha majani tu, lakini hakuna aliyeshtuka. Baraka alisema kwa mdomo uliojaa wali: “Arbab hakai peke yake. Nani atampikia? Nani atamfulia soksi? Lazima kuna kota za wafanyakazi, na lazima ziko nyuma, mahali ambapo mpiga picha hapelekwi.” Sisi sote tuliolala nyuma ya viwanda tuliona ni sawa kabisa. Hata Ssali aliona ni sawa, akasema vijengwe haraka. Baraka akajenga kijiji. Paa alizifanya kwa nyuzi za ufagio wa makumbi, akazipaka moshi wa mshumaa pale ambapo moshi wa jikoni ungetoka, akaweka milango mifupi inayomlazimisha mtu kuinama. Kwenye mlango wa nyumba moja aliweka kuku mdogo kuliko punje ya mchele. Siku ya ukaguzi Ssali aliinama juu ya kijiji kile na kioo chake muda mrefu mpaka tukaacha kupumua. Akainuka. Nyundo aliiacha kwenye msumari, na kwa Ssali hiyo ilikuwa sifa.

Jumatatu iliyofuata Madam Elspeth alikiona, akaweka chupa yake chini. Aliniuliza nani alikijenga. Kisha akaeleza, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Kijiji kilikuwepo kweli, ndicho kilichokuwa mji wenyewe wa mwanzo. Lakini arbab mmoja aliyerithi kasri aliona vibanda vile vinanuka na vinamzuia kuona ziwa kutoka dirishani, akaamuru vibomolewe, watu wahamishiwe mbali kwenye zile safu za nyumba nyeupe ambazo watalii huzisifia leo. Waliokataa kutoka, paa zilichomwa wakiwa ndani, wakatoka wenyewe. “Mpaka leo,” alisema, “jua likiwa kali mistari ya kuta zao huonekana kwenye majani mbele ya kasri, kama alama za fimbo mgongoni.” Nikamwambia basi hatujakosea, zilikuwepo. “Zilikuwepo,” akasema, “ila sidhani kama watazitaka.” Akaingia ofisini kuwapigia simu watu wa hoteli.

Jibu la hoteli lilimfikia Ssali kwa simu tukiwa ndiyo kwanza tumemaliza kula. Tulisikia upande wake tu: yes sir, yes sir, khalas sir. Akaenda kwenye msumari, akateremsha nyundo, akampa Baraka mpini.

“Vunja.”

Baraka alikitazama kijiji. “Kosa liko wapi?”

“Sir amesema viondoke.”

“Basi sir aje aviondoe. Nyundo ni ya kosa, si ndivyo? Sheria ni yako, boss, si yangu. Wewe nionyeshe kosa, hata dogo, nitavunja mwenyewe sasa hivi.” Alikuwa anatabasamu. Nadhani mpaka wakati ule aliamini huo ni utani mwingine wa mchana.

Ssali hakupandisha sauti. Alimkamata kifundo cha mkono wa kulia, akamburuta hadi kwenye gogo, akakandamiza kiganja cha Baraka pale ambapo mwaka mzima tulivunja minara na mapaa, akapiga. Halafu akapiga tena. Sauti ya pigo lile nimeitafuta kwenye vitu vingi tangu hapo na nimeipata kwenye miwa tu. Baraka hakulia mara moja, alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, kisha akatoa mlio ambao sikujua mwanamume anao. Bi Salma alipiga ukelele, bakuli lake la unga wa majani likapinduka, na ule unga wa kijani ukalowa damu ukawa kama tope la mtoni. “Mashine,” Ssali alisema, akihema. “Mmeona wote, mashine imempata. Yalla, mtu alete kitambaa.” Kisha akanigeukia, akanisukumia nyundo mkononi. “Wewe una mkono mzuri. Vunja hivyo vibanda, na kuanzia leo wewe ni msaidizi wangu.”

Nitaandika nilichofikiri, kwa kuwa nimeahidi kutosema uongo humu. Niliona kichwa cha nyundo kina damu, na nikatafuta kitu cha kuifutia ili nisichafue nyumba. Hicho ndicho kichwa changu kilichonipa wakati rafiki yangu amelala sakafuni. Niliifuta kwenye koti langu la kazi, mbele na nyuma, vizuri kabisa. Nikapita kijiji, nikasimama mbele ya kasri, nikalipiga. Mnara wa kwanza uliruka mzima ukagonga ukuta. Nikapiga lango, nikapiga ukumbi wa picha za mababu, nikapiga yale madirisha membamba niliyoyakata nikiwa nimeshikilia pumzi, na kila pigo nilijisikia vizuri kama siku ile ya mnara wa kanisa, vizuri zaidi. Ssali alinichapa kwa ncha ya rula, ikanipasua nyusi. Nilimgeukia nyundo ikiwa juu, damu ikiniingia jichoni, naye alirudi nyuma. Mtu yule mrefu alirudi nyuma hadi akagonga gogo lake.

Hapo ndipo Madam Elspeth alipotoka ofisini mbio. Alitazama kasri, akatazama nyusi yangu, akatazama mkono wa Baraka. Ssali alimwambia ni mashine. “Mashine gani?” akauliza. “Leza hukata. Hapa hakuna mashine inayoponda.” Alitupakia sote kwenye gari lake mpaka hospitali, na polisi walipokuja aliwaeleza alichokikuta, nami nikaeleza nilichokiona, na Bi Salma akaeleza kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko cha askari. Nilidhani ukweli ukishasemwa vizuri mambo hujipanga. Hayakujipanga. Baraka aliambiwa kesi ingechukua muda na angeisubiri kambini, bila kazi, bila mkono. Alisamehe kwa saini ya mkono wa kushoto akapanda ndege. Ssali alifukuzwa tu, akapata kazi kwingine. Mimi nami nilifukuzwa, na ni Madam aliyewasihi watu wa hoteli wasinishtaki kwa kasri lao. Walinunua kasri jingine kutoka karakana nyingine. Limeegemea kushoto.

Bi Salma peke yake ndiye aliyebaki hadi mji ukakabidhiwa. Vibanda viliondolewa na mtu mpya ambaye hakujua chochote, na Bi Salma akapewa kazi ya kupanda majani mahali pavyo. Nendeni mkaone, modeli bado iko ukumbini kule Garhoud, wageni wanaegemeza masanduku yao kwenye kioo. Mbele ya kasri pana uwanja wa kijani, na mtu akiinama na mwanga ukimjia ubavuni ataona kwamba kijani kile si kimoja. Kuna mistari iliyokauka kidogo, ya hudhurungi, inayofanya vyumba, vyumba vingi vimebanana. “Madam si kasema huonekana jua likiwa kali?” Bi Salma aliniambia. “Na hapa Dubai jua lini halikuwa kali, mwanangu?” Siku hiyohiyo alinipa hotipoti yake nifungue. Ndani, juu ya kitambaa, palikuwa na nyumba moja ya Baraka, ile yenye kuku mlangoni. Kisha akanipa kona ya juu ya duka la ukoo wao, ndimo nilimo hadi leo.

Jumatano, siku moja baada ya Ssali kuja, nilimpigia Baraka. Anafuga kuku Kitale, wale wakubwa, na mkono wake wa kulia hushika kikombe lakini haushiki sindano. Nilimwambia nani amekuja kuniomba kazi. Alicheka kile kicheko chake. “Si mwoga, huyo. Sikiza. Sitaki anililie, na pole yake abaki nayo. Kuna swali nilimuuliza, hajawahi kulijibu. Muulize.”

Jumamosi Ssali alikuja na shati lililopigwa pasi. Nilikuwa nimeketi upande wangu wa meza. Juu ya meza palikuwa na nyumba ile ya Baraka tu. Nyundo yangu mwenyewe ilikuwa mapajani, chini ya meza, na mkono wangu wa kulia ulikuwa juu yake. Nilikuwa nimeiweka pale asubuhi na mapema, nikijiambia ni mazoea. Nikamwambia, “Kagua.”

Alijua mara moja ni nini. Alitoa miwani mfukoni, kwa kuwa macho yale makali hana tena, akaiinua nyumba kwa vidole viwili. Aliitazama paa. Aliitazama pembe zote. Akaigeuza akatazama chini yake, mahali ambapo mafundi wavivu hujificha.

“Kosa liko wapi?” nikauliza.

“Halipo.”

“Na siku ile?”

“Hata siku ile. Nilijua tangu Alhamisi.” Aliiweka nyumba mezani polepole. Kisha akautazama mkono wangu unaoishia chini ya meza, na nikaona ameelewa. “Unayo hapo,” akasema. Nikamwambia ninayo. Hakusimama. Aliuweka mkono wake wa kulia mezani, kiganja chini, kando ya nyumba, akaviachanisha vidole.

Niliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa mzee, wenye makovu ya visu kama wangu. Nilijua mahali hasa pa kupiga, na nilijua ningejisikiaje. Hapa nako ndoo ya kiyoyozi ilikuwa inapokea matone, na mtaani mchukuzi mmoja alikuwa anawafokea watu wampishe. “Toa mkono mezani,” nikasema hatimaye. “Kazi hakuna.” Alichukua kofia yake akaenda, na ndipo nilipoweza kufungua vidole vyangu kwenye mpini.

Nilimpigia Baraka nikamweleza alichojibu, neno kwa neno. Nikamweleza na habari ya mkono mezani. Nyuma yake kuku walikuwa wanagombania chakula.

“Mimi ningeuvunja,” akasema. Kisha akauliza kama yule kuku wake mdogo bado yupo mlangoni.

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikainama, nikaangalia. Yupo.